Kutoka Forodha hadi Uhamiaji: Historia ya Lugha ya Afisa wa Mpakani katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inachunguza lugha inayotumiwa na maafisa wa mipakani wanapompokea msafiri katika nchi za Afrika Mashariki, tangu forodha ya Zanzibar ya karne ya 19 hadi vituo vya huduma kwa pamoja vya leo. Hoja inayotetewa ni kwamba afisa wa sasa amerithi kazi tatu zilizozaliwa katika vipindi tofauti: kukagua mzigo, kumtambua mtu, na kupima nia ya mtu huyo. Kila kazi ilikuja na msamiati wake, na mengi ya yale ambayo msafiri huyahesabu kuwa ukali au upendeleo wa afisa yana mizizi katika msamiati huo. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kuhusu lugha ya Itifaki ya Soko la Pamoja.

Utangulizi

Msafiri anayeshuka basi Mutukula, Namanga au Rusumo hujua atakachoulizwa kabla hajafika dirishani. Anatoka wapi, anakwenda kufanya nini, na atakaa siku ngapi. Maswali haya ni mafupi na kila msemaji wa Kiswahili anayaelewa. Hata hivyo, ni hapo hapo ambapo mama anayepeleka ndizi sokoni, kijana anayefuata kibarua na mgonjwa anayekwenda kutibiwa hujikuta wamejibu kwa ukweli na bado wameonekana wana la kuficha.

Maelezo ya kawaida ya hali hii hutaja rushwa, hofu ya usalama na ulinzi wa ajira. Sababu hizo ni za kweli, na makala hii haikusudii kuziondoa. Inakusudia kuongeza moja ambayo haijatiliwa maanani vya kutosha: sheria inayomlinda msafiri iliandikwa kwa Kiingereza, ilhali mahojiano hufanyika kwa Kiswahili, na maneno ya Kiswahili yanayotumika hapo yana historia yake.

Forodha: afisa aliyeuliza mzigo

Neno la kale zaidi katika msamiati wa mpaka wa Waswahili ni forodha, lenye asili ya Kiarabu na linalohusu mahali pa kutia nanga na kupakua shehena. Mwenzake ni ushuru, neno ambalo katika asili yake ya Kiarabu lina maana ya sehemu ya kumi. Maneno yote mawili yanazungumzia bidhaa. Mpaka uliokuwa na maana katika mwambao ulikuwa ufuo, na aliyesimama hapo alitaka kujua jahazi limebeba nini.

Zanzibar ya Seyyid Said ilijengwa juu ya utaratibu huo. Mkataba wa biashara baina yake na Marekani wa mwaka 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia. Ukusanyaji wenyewe ulikodishwa kwa wafanyabiashara. Kampuni ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kachchh nchini India, ilishika forodha kwa miaka mingi. Mahali pale bado panaitwa Forodhani.

Utaratibu huu haupaswi kusifiwa kupita kiasi. Ni kweli kwamba mtu huru aliyeshuka jahazini hakudaiwa hati ya kuthibitisha yeye ni nani. Lakini walikuwapo watu waliohesabiwa forodhani, nao ni wale waliokuwa wamefanywa bidhaa: watumwa walitozwa ushuru kwa kichwa hadi mkataba wa 1873 ulipopiga marufuku biashara hiyo kwa njia ya bahari na kufunga soko lao. Katika forodha ya kale, kwa hiyo, kuandikwa kwa mtu mpakani kulikuwa dalili ya kupoteza uhuru wake. Kumbukumbu hiyo ni muhimu kwa kuelewa kipindi kilichofuata.

Kipande: afisa aliyeuliza mtu

Mikataba ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 na 1890 ilileta mpaka wa aina nyingine. Mstari ulivutwa kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria, ukapinda kuuzunguka Kilimanjaro, na magharibi ya ziwa ukafuata nyuzi 1 ya latitudo kusini mwa Ikweta. Wamaasai waligawanywa pande mbili, na katika eneo la Mutukula mstari ulipita mahali ambapo hapakuwa na mto wala mlima wa kuuonyesha.

Hata hivyo, mpaka huo haukuwa kizuizi kikubwa cha kwanza kwa Mwafrika wa kawaida. Kenya na Uganda ziliunganishwa kiforodha mwaka 1917, na Tanganyika ikajiunga kikamilifu mwaka 1927. Kizuizi kikubwa kilikuwa ndani ya koloni lenyewe. Sheria ya kusajili wenyeji ya Kenya ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa kuanzia miaka 16 kubeba kipande: karatasi yenye jina, alama za vidole na kumbukumbu za ajira, iliyotiwa katika kibweta cha chuma na mara nyingi kuning'inizwa shingoni. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyompa Harry Thuku wafuasi kabla ya kukamatwa kwake Machi 1922.

Kwa mtazamo wa lugha, hapa ndipo swali lilipohama kutoka kwa mzigo na kumwangukia mtu. Afisa hakuuliza tena “umebeba nini?” bali “uko wapi ushahidi wa wewe ni nani?” Neno lenyewe halikufa pamoja na sheria. Nchini Kenya watu wengi hadi leo huita kitambulisho cha taifa kipande, bila kukusudia ubaya. Nchini Tanzania kipande ni sehemu tu ya kitu kizima. Neno moja, kwa hiyo, lina uzito upande mmoja wa Namanga na halina uzito huo upande wa pili.

Amri na ombi: lugha moja, historia mbili

Tofauti hiyo haikuishia kwenye neno moja. Nchini Tanganyika, Wajerumani walikitumia Kiswahili katika utawala kupitia maakida na maliwali, Waingereza wakaendelea nacho mashuleni na mahakamani, na baada ya uhuru kikawa lugha ya taifa na ya kazi za serikali. Mwananchi alikizoea kwenye mkutano wa hadhara, zahanati na ofisi ya kijiji. Nchini Uganda kilipita njia nyingine. Viongozi wa Buganda walipinga kukitumia shuleni katika miaka ya mwisho ya 1920, na kikabaki hasa lugha ya jeshi na polisi. Tangazo la Idi Amin la mwaka 1973 la kukifanya lugha ya taifa halikuondoa sifa hiyo, kwa kuwa raia wengi walikisikia kwa askari wa vizuizi vya barabarani.

Mutukula ni mahali ambapo historia hizi mbili zilikutana kwa nguvu. Majeshi ya Amin yalivamia Kagera mwaka 1978, na mwanzoni mwa 1979 majeshi ya Tanzania yakavuka kwenda Uganda. Pande zote mbili zilitoa amri kwa Kiswahili. Hivyo, anaposema afisa wa leo “simama hapo”, msafiri wa Bukoba huenda akasikia maelekezo ya kawaida, na msafiri wa Masaka, hasa mwenye umri mkubwa, akasikia jambo jingine kabisa. Katiba ya Uganda ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 Kiswahili kilipewa nafasi ya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hatua hizo zinaanza kukipa Kiswahili makao nje ya kambi, lakini kumbukumbu hubadilika polepole kuliko sheria.

Upande wa Kenya tofauti ni ya adabu ya usemi. Katika matumizi ya Tanzania, ombi la kawaida huanza na “naomba”, na mtu mzima hutarajia kuamkiwa kabla ya kuulizwa. Katika matumizi mengi ya Kenya, “leta kitambulisho” ni kauli ya kazi isiyo na kiburi ndani yake. Kufungwa kwa mpaka wa nchi hizi mbili mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, hadi mwaka 1983, kuliwanyima raia wengi wa pande mbili nafasi ya kuzoeana katika mambo madogo kama haya.

Vituo vya huduma kwa pamoja vimeyarudisha mambo hayo mbele ya kila msafiri. Rusumo ilizinduliwa mwaka 2016, Mutukula mwaka 2017, Busia na Namanga mwaka 2018. Katika utaratibu huu msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia, ambako maafisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja. Anayetoka Nairobi kwenda Arusha hugongewa muhuri wa kutoka na afisa wa Kenya, kisha hatua chache mbele hupokewa na afisa wa Tanzania. Katika dakika chache amesikia “leta” na “naomba”. Asiyejua historia atadhani amekutana na mtu mkali na mtu mpole, kumbe amekutana na kanuni mbili za adabu.

Uhamiaji: afisa anayepima nia

Kazi ya tatu ndiyo nzito zaidi, na jina lake linastahili kuchunguzwa. Kuhama ni kuondoka mahali na vyombo vyako. Kuhamia ni kwenda mahali pengine kwa nia ya kuweka makazi. Kutokana na kitenzi hicho limepatikana neno uhamiaji, ambalo ndilo jina la idara inayompokea kila anayeingia. Lakini wengi wanaopita Busia au Rusumo hawahamii popote. Wanavuka, wanafanya shughuli, wanarudi. Jina la ofisi linamtaja mgeni kama mtu aliyekuja kukaa hata kabla hajafungua kinywa.

Maswali ya dirishani yanaongeza utata huo. Kitenzi -kaa kina maana ya kuketi, kusubiri, kulala siku chache na kuishi. “Unakaa wapi?” ni swali la nyumba ya wageni na pia ni swali la makazi. Neno kazi nalo hubeba ajira, kibarua, biashara na hata shughuli ya ukoo. Anayesema “nina kazi kidogo Bukoba” anaweza kuwa na maana ya msiba wa shangazi yake. Afisa, kwa upande wake, anatakiwa kumweka katika mojawapo ya makundi ambayo sheria imeyatenganisha.

Makundi hayo yamo katika Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyotiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010. Ibara ya 7 inamruhusu raia wa nchi mwanachama kuingia bila viza. Kanuni zake zinampa mgeni pasi ya hadi miezi 6 bila malipo. Mfanyakazi ana utaratibu wake wa kibali, na mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zinazokidhi masharti ya asili, zisizozidi thamani ya dola 2,000, anaweza kutumia cheti chepesi cha asili ya bidhaa. Nchi inaweza kuweka mipaka kwa sababu za sera ya umma, usalama au afya, lakini inapaswa kuziarifu nchi nyingine. Itifaki hiyo pia inaruhusu vitambulisho vya taifa kutumika kusafiria kwa nchi zilizokubaliana. Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mwaka 2014.

Jibu lisilopangwa vizuri, basi, linaweza kumhamisha msafiri kutoka kundi moja hadi jingine. Mama anayesema “nakwenda kutafuta maisha” ametumia msemo wa kawaida wa kufanya biashara ndogo, lakini afisa anaweza kusikia mtu anayetafuta ajira bila kibali. Uzito wa jambo hili ulionekana mwaka 2013, wakati operesheni ya kuwaondoa wahamiaji haramu katika mikoa ya magharibi na kaskazini-magharibi mwa Tanzania ilipowakumba watu waliokuwa wamekaa huko kwa miaka mingi. Kwao, kukaa kulikuwa kuishi. Kwa sheria, kulikuwa kukaa bila hati.

Haina maana kwamba msamiati ndio hufunga milango. Gatuna ilifungwa kuanzia mwaka 2019 hadi 2022 kwa mvutano wa kisiasa baina ya Rwanda na Uganda, na hakuna tafsiri ya Itifaki ambayo ingeufungua. Lakini milango ikiwa wazi, lugha ndiyo huamua nani anapita kwa heshima.

Hitimisho

Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999, katika Ibara ya 137, ulikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi na kuagiza Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya mawasiliano mapana. Mpakani, mgawanyo huo umezaa hali ambayo haki ya msafiri imo katika lugha moja na mashaka juu yake hutamkwa katika lugha nyingine.

Mambo matatu yako ndani ya uwezo wa nchi wanachama na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar. Kwanza, istilahi za mgeni, mfanyakazi, mkazi na mfanyabiashara zisanifiwe kwa pamoja, na maswali ya dirishani yatungwe upya ili “kukaa” na “kazi” visibaki mtego. “Utalala usiku ngapi?” na “Kuna mtu atakayekulipa mshahara?” ni maswali yasiyo na utata. Pili, haki za msafiri chini ya Ibara ya 7 zibandikwe kwa Kiswahili mahali ambapo foleni inaanza, ili zisomwe kabla ya mahojiano. Tatu, mafunzo ya maafisa wanaokaa jengo moja yajumuishe tofauti za adabu ya usemi baina ya nchi na nchi.

Hakuna kati ya hayo linalohitaji mkataba mpya. Forodha ya kale ilijua thamani ya kila kilichobebwa. Afisa wa leo anadaiwa kitu kigumu zaidi, nacho ni kumwelewa aliyebeba.