Gisenyi, Rubavu na Makala Zinazogombea Jina Moja

Mji wetu una majina kadhaa, na kila moja lina tarehe yake. Wajerumani waliandika Kissenji. Wabelgiji waliuteka mji mwaka 1916, na tahajia ya Gisenyi ndiyo iliyodumu. Januari 2006 Rwanda ilipanga upya utawala wake, wilaya 106 zikawa 30. Yetu ikaitwa Rubavu, na Gisenyi ikabaki sekta ndani yake.

Leo mtu anayeweka mtandaoni makala kadhaa za historia ya mji huu huzipa zote maneno yaleyale: Gisenyi, Rubavu, historia. Mtambo wa utafutaji kama Google unashindwa kujua ipi ndiyo kuu. Makala za mwandishi mmoja zinashindana zenyewe kwa zenyewe, na viungo ambavyo vingeikweza moja vinagawanyika. Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni kuziunganisha, kisha anwani za zamani zielekezwe kwenye ile iliyobaki.

Kwa muuza viatu, sawa. Kwa historia nina wasiwasi. Gisenyi ya miaka ya 1990 haikuwa mji tu, ilikuwa pia mkoa mzima wenye komuni zake, na mojawapo tayari iliitwa Rubavu. Karago ilikuwa humo. Leo iko wilaya ya Nyabihu. Kibilira, ambako Watutsi waliuawa tangu Oktoba 1990, leo iko Ngororero. Anayemeza "Gisenyi" yote ndani ya "Rubavu" ili makala yake ipande juu, anayahamisha mauaji ya Kibilira hadi ufukweni mwa Kivu. Mjukuu anayetafuta mahali babu yake alipouawa ataelekezwa kwenye wilaya isiyohusika.

Kwa hiyo mimi ningeuliza kwanza kila makala inajibu swali gani. Mbili zinazoeleza vita vya 1916 ziunganishwe, jina Kissenji likiwemo ndani. Lakini "Mkoa wa Gisenyi hadi 2005" na "Wilaya ya Rubavu tangu 2006" ni maswali mawili; kila moja ibaki na kichwa chake chenye mwaka, na kiungo cha kwenda kwa mwenzake.

Wakutubi walikuwa na lugha ya jambo hili kwenye kadi zao, kabla ya kompyuta. Jina lililoachwa liliandikiwa "tazama". Jambo la jirani liliandikiwa "tazama pia". Kissenji inastahili la kwanza. Mkoa wa zamani na wilaya ya leo vinastahili la pili.