Motokaa ya Kale na Adui Wake wa Siri

Wasikilizaji, kabla lami haijafika Songea kutoka Makambako katika miaka ya 1980, mvua ziligeuza njia kuwa tope, na gari lililosifiwa kwa kulipita tope hilo ni Land Rover.

Gari hili lilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili, 1948. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa haba Uingereza, bali alumini, iliyotumika kuundia ndege, ilikuwapo tele. Kwa hiyo mafundi wa Rover walilivika gari lao mabati ya alumini, ambayo hayashiki kutu kama chuma.

Lakini chasisi, yaani uti wa mgongo wake, ni ya chuma, nayo ina uwazi ndani. Tope huingia, maji hutuama, na kutu hula kwa siri. Ndiyo sababu gari aliloacha babu laweza kung'aa kwa rangi, kumbe linaoza.

Basi, atakaye kulifufua nyumbani asianze na rangi. Aliinue kwa jeki, aliegemeze juu ya magogo imara, aoshe tope, azibue matundu ya kutolea maji, kisha agongegonge chasisi kwa nyundo. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mlio mzito. Palipooza pakatwe, paungwe chuma kipya, na ndani pamiminwe mafuta. Afanye hivyo kila mwaka mvua zikiisha, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.