Visiwa Vitatu, Marais Wanne

Nzwani na Mwali walipojitenga na Ngazija mwaka 1997, jirani zetu Wakomoro walisuluhishana Fomboni, Februari 2001. Katiba ya Desemba ikakipa kila kisiwa rais wake, na juu yao rais wa Muungano kwa zamu. Marais wanne kwa watu wasiotimia milioni! Ugomvi ukahamia kwenye baitulmali: nani akusanye ushuru wa forodha? Karafuu, vanila na langilangi zitalisha serikali ngapi? Mwaka 2008 majeshi ya Komoro na Umoja wa Afrika, wakiwemo Watanzania, yakamng'oa Mohamed Bacar Nzwani. Mwaka 2009 marais wa visiwa wakawa magavana. Kura ya 2018 ikaruhusu rais vipindi viwili mfululizo. Kisiwa kinachongoja zamu kikazidi kungoja.