Faundesheni, Prepa na Mwaka wa Matayarisho

Neno faundesheni, linaloonekana siku hizi katika barua za kuwakubali vijana wa Goma wanaokwenda kusoma ng'ambo, aghalabu hufasiriwa "mwaka wa msingi". Na fasiri hiyo, ijapokuwa haina kosa la sarufi, katika mji huu huleta fadhaa, kwa kuwa msingi kwetu ni shule ya watoto wadogo. Mama mmoja mchuuzi wa vitenge pale Birere, aliposomewa barua ya namna hiyo, naye ameishika mkononi diploma ya serikali ya bintiye ndani ya karatasi ya nailoni, aliuliza kwa ghadhabu, "Mwalimu, mutoto alishapata diploma, sasa banamurudisha musingi juu ya nini?" Swali lilikuwa la haki, na jawabu lake hulipati katika kamusi, bali katika hesabu ya miaka.

Mwanafunzi wa Kongo husoma miaka 6 ya msingi na 6 ya sekondari, kisha hufanya mtihani wa serikali, ambao ndio huleta diploma hiyo: jumla miaka 12. Mwenziwe wa Uganda, kwa mpango uliozoeleka, husoma 7, kisha 4, kisha 2 ya kidato cha tano na cha sita, ambayo ni 13. Na Uingereza, walikourithi Waganda mpango huo, kadhalika ni 13. Basi chuo cha London kimtazamapo kijana wetu, hakimwoni mjinga, bali kinamwona amepungukiwa na mwaka mmoja, nacho humtaka aulipe. Rwanda, yenye 6 na 6 kama sisi, haina hoja hiyo; avukaye mpaka kwenda kusoma Musanze au Kigali hupungukiwa na lugha tu, maana tangu 2008 Serikali ya huko iliazimu masomo yafundishwe kwa Kiingereza. Hivyo neno moja limebeba upungufu wa namna mbili, wa miaka na wa lugha, na mzazi asiyeupambanua huenda akalipia dawa ya ugonjwa asiokuwa nao mwanawe.

Wala jambo lenyewe si geni katika nchi hii. Lovanium, chuo kikuu kilichofunguliwa 1954 kando ya mji wa Léopoldville, kilikuwa na mwaka wa kutangulia chuo. Wafaransa nao, kuanzia 1948 hadi 1966, walikuwa na mwaka wao waliouita propédeutique, neno la Kiyunani lenye maana ya mafunzo yatanguliayo mafunzo. Hata leo wanaotaka uhandisi Kinshasa au Lubumbashi huijua prepa, mwaka wao wa matayarisho, na hakuna aliyepata kusikia fahali hao wa hesabu wakiambiwa kwamba wamerudishwa shule ya msingi.

Ni istilahi gani basi itufae? "Maandalizi" lingekuwa neno zuri lau si Zanzibar, ambako skuli ya maandalizi ni ya watoto wasiotimiza hata umri wa darasa la kwanza. Tungekuwa tumemtoa binti wa yule mama katika msingi na kumshusha chini zaidi. Mimi napendelea "mwaka wa matayarisho ya chuo kikuu". Ni ibara ndefu, nakiri, lakini haimvunjii heshima mwenye diploma, na inataja waziwazi huko aendako.

Kutaja huko ndiko kwenye faida kubwa, kwa sababu miaka hii hailingani kwa thamani. Ujerumani matayarisho hufanyika katika Studienkolleg, na zile za serikali kwa kawaida hazitozi karo bali mchango wa muhula. Lakini huingii bila Kijerumani cha kutosha, na mwisho kuna mtihani ambao, ukiufaulu, hukubaliwa na vyuo vya nchi nzima, katika fani uliyotayarishiwa. Uingereza, kinyume chake, kozi nyingi za namna hii huendeshwa na makampuni yaliyofungamana na chuo kimoja au vichache, na cheti chake aghalabu ni ufunguo wa mlango huo tu. Uganda kuna cheti cha mwaka 1 cha kuingilia elimu ya juu, chini ya Baraza la Kitaifa la Elimu ya Juu lililoundwa kwa sheria ya 2001. Lakini kabla ya kukifikiria, peleka kwanza diploma yako Kampala kwenye Baraza la Mitihani ili ilinganishwe na vyeti vya huko, kwani huenda ukaambiwa huna haja ya mwaka huo kabisa.

Kwa hiyo, msomaji mwenye mtoto aliyepata diploma, usitume hata dola moja kabla chuo hakijakujibu kwa maandishi: mwaka huu unaziba upungufu gani, cheti chake kinakubaliwa na nani ghairi ya chuo chenyewe, na mtoto asipofaulu atakwenda wapi.