Kiko: Jiwe la Longido, jina la Kiswahili na familia iliyotajirika bila jiwe

Mkulima wa zabibu wa Dodoma analijua hili vizuri: zao likishaiva halisubiri, na mwenye kiwanda ndiye anayepanga bei. Hadithi ya kiko, kile kifaa cha kuvutia tumbaku, inafanana sana na ya kwake. Na sehemu yake moja ilianzia hapa hapa Tanzania.

Jiwe lenyewe ni lipi?

Kule Sinya, wilayani Longido, karibu na mpaka wa Kenya na eneo la Amboseli, kuna madini meupe yanayoitwa sepiolaiti. Wafanyabiashara wa kiko wanayajua kwa jina la Kijerumani, meerschaum, yaani povu la bahari.

Jiwe hili likilowa linachongeka kirahisi, karibu kama sabuni. Likikauka linakuwa gumu, jepesi, na lina vitundu vidogo vinavyonyonya unyevu wa moshi. Ndiyo maana wavuta kiko walilipenda. Lililosifika zaidi duniani linatoka Eskişehir, Uturuki. La Sinya ni zito kidogo kuliko hilo.

Kampuni yenye nembo ya tembo

Miaka ya 1950, enzi za mkoloni, jiwe la Sinya lilianza kuchimbwa kibiashara na Tanganyika Meerschaum Corporation. Zikazaliwa kiko za Afrika Mashariki zenye nembo ya tembo. Jina lao la biashara? Kiko. Neno letu la kila siku likawa chapa madukani Ulaya na Marekani. Nyingine zilivishwa ngozi kwa nje.

Leo kiko hizo zinatafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale, na zile zenye mhuri wa Tanganyika zinawakumbusha nchi iliyobadili jina mwaka 1964.

Huku Dublin, mambo tofauti

Sasa angalia upande wa pili. Mwaka 1865, familia ya Kapp kutoka Nuremberg, Ujerumani, ilifungua duka la kiko mtaa wa Grafton jijini Dublin, Ireland. Baadaye fundi kutoka Latvia, Charles Peterson, akajiunga nao. Mwaka 1890 alipata hataza ya kiko chenye kishimo cha kukusanya unyevu, ili mvutaji asimeze maji machungu.

Wana wa Kapp wakarithi biashara. Ireland haikuwa na jiwe hilo. Hata mti unaotumika zaidi kuchonga kiko, uitwao briar, unatoka nchi za Mediterania. Familia hiyo ilikuwa na ufundi, hataza na jina tu.

Mawe ya kwetu nayo yakawafuata. Sehemu yake ilisafirishwa yakiwa ghafi hadi kijiji cha Laxey, kwenye Kisiwa cha Man, yakachongwa huko. Baadhi yaliuzwa kwa jina la Peterson.

Nani alibaki?

Uvutaji wa kiko umepungua sana duniani, sigara zikachukua nafasi, na madhara ya tumbaku kiafya yanajulikana. Soko likabana. Kiko ya tembo imebaki kwenye makabati ya wakusanyaji. Peterson bado inatengeneza Dublin, ingawa familia ya Kapp ilishaachia umiliki, na mwaka 2018 kampuni ilinunuliwa na Laudisi ya Marekani.

Uturuki yenyewe ilishtuka mapema: miaka ya 1970 ilizuia mawe ghafi kuuzwa nje, ili wachongaji wa Eskişehir wabaki na kazi. Mpaka leo kiko za huko huchongwa huko huko.

Somo ni lipi?

Julai 2017, Bunge mjini Dodoma lilipitisha sheria ya mamlaka ya nchi juu ya maliasili, inayokataza malighafi kusafirishwa kwenda kuchakatwa nje. Ni hatua, lakini Dublin inaonyesha kwamba katazo peke yake halitoshi. Lazima pawepo fundi, kiwanda na jina ambalo mteja analiamini.

Ndiyo maana mkulima wa Dodoma anayekamua mchuzi wa zabibu, badala ya kukimbizana na mnunuzi shambani, ameshapiga hatua ambayo jiwe la Sinya lilipigiwa na wengine.