Lugha ya Waelfi iliyolazimisha hadithi ibadilike

Wengi hudhani J.R.R. Tolkien alitunga hadithi kwanza, halafu akabuni lugha za kuipamba. Ni kinyume chake. Kamusi ya Quenya, lugha yake ya kwanza ya Waelfi, aliianza mwaka 1915. Juzuu la kwanza la The Lord of the Rings lilitoka 1954.

Chanzo ni kitabu cha sarufi. Akiwa mwanafunzi Oxford, kwenye maktaba ya chuo chake cha Exeter, alikuta sarufi ya Kifini na ikamlewesha kabisa. Baadaye alifananisha tukio hilo na kugundua ghala lililojaa mvinyo. Mitihani ya 1913 akaambulia daraja la pili (wenzangu wa uzamili mnaelewa).

Kama Kifini, Quenya inapenda viambishi tamati. Sisi tuna -ni moja inayobeba mzigo wote: niko nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani. Kitenzi ndicho kinakuambia mtu anaelekea wapi. Kwenye Quenya kila safari ina kiambishi chake. Cirya ni meli; ciryanna ni kuelekea melini, ciryallo ni kutoka melini, ciryassë ni kuwa melini.

Lugha ya pili ilifuata Kiwelisi, lugha iliyomvutia tangu utotoni alipokuwa akiona majina ya Wales kwenye mabehewa ya makaa ya mawe. Kiwelisi hubadilisha mwanzo wa neno: pen ni kichwa, ei ben ni kichwa cha yule mwanamume, ei phen ni cha yule mwanamke. Kwetu tunaosema ulimi kisha ndimi, si ajabu sana. Tolkien akafanya vivyo hivyo. Pippin anaitwa Ernil i Pheriannath, mkuu wa watu wafupi, ingawa neno lenyewe ni periannath.

Sasa hapa ndipo panaponoga. Kwa miaka mingi lugha hii ya pili iliitwa Noldorin, yaani lugha ya kabila la Noldor. Lakini Noldor walikuwa wameishi ng'ambo ya bahari, jirani kabisa na wasemaji wa Quenya. Iweje lugha yao iwe mbali kiasi hicho? Mtunzi mwingine angeacha tu, nani angeuliza? Tolkien alikuwa mwanaisimu, na kwake mabadiliko ya sauti yanahitaji muda na umbali. Karibu na 1950 akapindua meza. Noldor wakapewa Quenya, na ile lugha ya pili ikawa Sindarin, lugha ya Waelfi ambao hawakuvuka bahari kamwe.

Uamuzi huo ukazaa swali lingine: kwa nini basi Noldor waliorudi wanaongea Sindarin? Jibu lake ni la kisiasa. Thingol, mfalme wa waliobaki, anapata habari kwamba Noldor waliua ndugu zake kule ng'ambo, na anapiga marufuku Quenya katika milki yake yote. Quenya inabaki lugha ya elimu na sherehe, kama Kilatini. Nyumbani watu wanaongea Sindarin.

Ndani ya Wales yenyewe mambo yalikwenda kinyume. Karne ya 19 kulikuwa na shule zilizomvisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiwelisi, adhabu ambayo wasomaji waliosoma Kenya enzi za “disk” hawahitaji kuelezewa. Kwenye hadithi, lugha yenye sauti za Kiwelisi ndiyo inayoshinda. Sisemi Tolkien alikusudia hivyo. Ila kwangu marufuku ya Thingol inasisimua kuliko vita vyote vya kwenye vitabu hivyo.

Hata sauti moja aliipa historia. Katika maandishi yake ya 1968, Noldor wanaanza kutamka s palipokuwa na th, kama wale wanaosema “samani” wakimaanisha thamani. Mwanamfalme Fëanor anagoma. Marehemu mama yake, Míriel Therindë, alitaka jina lake litamkwe kwa th, na kila anayesema s, Fëanor anamhesabu kuwa amemkataa yeye mwenyewe.