Ngoma na ugonjwa wa Parkinson: funzo kutoka Ukambani

Ami yangu alikuwa na duka la nguo Kibwezi, kaunti ya Makueni, kwa zaidi ya miaka 20. Wa kwanza kugundua kwamba mzee hayuko sawa alikuwa mwanawe, na aligundua kwa daftari la madeni. Maandishi yalikuwa yakipungua, kila ukurasa madogo kuliko ule wa nyuma, hata ikafika jina la mdeni halisomeki. Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka akiwa amekaa tu. Uso nao ukaacha kucheka. Wateja wakasema mzee siku hizi ananuna. Msikitini wakanong'ona kwamba ana kitu, na sisi watu wa Pwani tukisema mtu "ana kitu" mnajua tunakusudia nini.

Alisomewa, akapakwa mafuta, akafungwa hirizi ambayo mwenyewe hakuipenda. Zahanati moja ikampa dawa za presha. Ilipita karibu miaka minne ndipo daktari wa mishipa ya fahamu alipomtazama akitembea kutoka mlangoni hadi kitini, akamwambia jina la maradhi yake.

Parkinson ni jina la daktari wa London, James Parkinson, aliyeyaeleza maradhi haya mwaka 1817. Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, na kemikali hiyo ndiyo inayoufanya mwendo uwe mwepesi. Seli hizo zikifa kidogo kidogo, mtu hutetemeka, viungo hukakamaa, kila jambo hulifanya polepole, na mizani ya mwili humpotea. Si kiharusi, wala hayaambukizi. Wengi huanza kuugua wakiwa na miaka 60 kwenda juu, ingawa wapo wanaoanza mapema. Bondia Muhammad Ali aliambiwa ana maradhi haya mwaka 1984, akiwa na miaka 42 tu, na dunia nzima ikamwona mwaka 1996 akiwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta huku mkono ukimtetemeka.

Lililomtesa zaidi ami yangu halikuwa kutetemeka. Lilikuwa kuganda. Akifika kizingitini miguu inanata chini kama iliyopigwa misumari, kiwiliwili kinataka kwenda na nyayo hazitaki. Siku moja nilikuwa naye dukani, amekwama vivyo hivyo mlangoni, na ng'ambo ya barabara vijana wa Kikamba walikuwa wakijizoeza ngoma kwa ajili ya harusi. Ngoma ikalia. Mzee akainua mguu, akashuka ngazi, akavuka ukumbi wa duka kwa hatua ndefu ambazo sikuwa nimeziona kwake kwa mwaka mzima. Vijana wakapumzika, naye akaganda tena pale pale.

Nilidhani ni sadfa. Kumbe jambo hili linajulikana kwa wataalamu. Mwendo wa kawaida hatuufikirii, unajiendesha wenyewe, na sehemu ya ubongo inayouendesha ndiyo hiyo iliyopungukiwa na dopamini. Mdundo unaosikika kwa masikio humpa mgonjwa njia nyingine: sehemu za ubongo ambazo hazijaathirika sana hushika sauti na kuagiza mguu uifuate. Mstari uliochorwa sakafuni hufanya kazi hiyo hiyo kwa macho.

Ushahidi wake hauko mbali nasi. Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, iko upande wa pili wa mlima ule ambao mtu wa Makueni akipanda vilima vya Chyulu asubuhi isiyo na mawingu anauona. Huko watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo la watu wapatao 161,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33 wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Mwaka 2010 ukachapishwa utafiti mwingine wa huko huko: wagonjwa wapatao 20, ambao hawakuwa wamewahi kutumia dawa, walifundishwa kutembea kwa kufuata mdundo kwa wiki tatu. Kasi yao ikaongezeka na hatua zikarefuka. Wiki tatu tu!

Ng'ambo wamekwenda mbele zaidi. Huko Brooklyn, Marekani, kundi la densi la Mark Morris limekuwa likiwafundisha wagonjwa wa Parkinson tangu mwaka 2001. Mwaka 2009 watafiti wa St. Louis walilinganisha wagonjwa waliocheza tango na waliocheza densi za kizungu za namna ya waltz. Makundi yote mawili yaliimarika katika mizani na mwendo kuliko wasiocheza, na tango ikashinda kidogo, pengine kwa kuwa inamlazimu mchezaji kusimama, kuanza upya na kurudi kinyumenyume, mambo yale yale yanayomshinda mgonjwa.

Sasa itazame Ukambani. Kitui na Makueni zinasifika kwa ngoma Kenya nzima. Vijana wao huruka na kupinduka hewani, na hizo si za mgonjwa. Lakini ipo kilumi, ngoma ya watu wazima, ambayo wachezaji wake wengi ni akina mama wa makamo na wazee. Kwa desturi ni ngoma ya ibada, ya kuombea mvua na kuwaganga walioshikwa na pepo. Kwa itikadi yangu huko siingii, na sitaki mtu anielewe vibaya: Parkinson si pepo, na mgonjwa aliyepelekwa kupungwa amecheleweshwa dawa. Lakini bibi wa miaka 70 anayecheza kwa mdundo huo kwa muda mrefu ana elimu ya mwendo mwilini mwake. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa Wote au Kitui mjini angemketisha bibi huyo amwoneshe hatua, pepo wakaachwa kando, angepata somo la mazoezi lisilogharimu chochote, ambalo mgonjwa tayari analijua tangu utotoni.

Najua nitaulizwa, wewe Muislamu unatuita ngomani? Mdundo si lazima uwe wa ngoma. Binamu yangu alimpeleka babake msikitini kwa kuhesabu kwa sauti, moja mbili, moja mbili, na kwenye kizingiti alilaza bakora chini ili mzee aivuke. Dufu linatosha. Makofi yanatosha. Na goma la Lamu, wanaume waliovaa kanzu wamejipanga na bakora zao wakienda taratibu, sijui ni daktari gani angebuni zoezi zuri kuliko hilo kwa mzee mwenye kushindwa mizani.

Mwenye mgonjwa nyumbani azingatie haya. Ngoma haichukui nafasi ya dawa. Dawa kuu ni levodopa, na mazoezi yafanywe saa ile dawa imeshika, asubuhi kabla ya jua kali, mahali pasipo mkeka wala kamba za kujikwaa, na mtu mzima wa kumdaka awe karibu. Asiyeweza kusimama acheze ameketi. Akiganda usimvute mkono, utamwangusha. Mpe hesabu, umngoje. Na upupu, ambao mbegu zake kweli zina levodopa, jambo lililogunduliwa mwaka 1937, msimpikie: kipimo chake hakijulikani, na unaweza kugongana na dawa za hospitali.

Ami alicheza? Hapana, aliona haya mpaka mwisho. Lakini alipoanza dawa, mwanawe alimrekodia mdundo wa wale vijana wa harusi kwenye simu, na kila asubuhi mzee aliutumia kutoka kitandani hadi kwenye udhu. Aliniambia mara moja kwamba kama angeupata miaka minne nyuma, duka asingeliuza.